Mwanangu, redio ya baba yako tusiiuze kwanza

Mwanangu, salama huko Tabora? Sisi huku Gungu, Kigoma, wazima, mvua tu ndo hazijatuacha. Ujumbe wako niliuona usiku uleule ila sikutaka kukujibu juujuu. Umeniuliza, "Mama, ile redio ya baba iliyopigwa na radi tuitengeneze au tuiuze, maana kaka kapata mteja wa laki mbili na nusu." Redio yenyewe sio ya kusikilizia tu, ni ile ya kurusha na kupokea aliyokuwa anaongelea na watu wa mbali, kwaiyo nikasema ngoja kwanza niifungue niione kwa macho yangu ndo nimjibu mtoto. Sasa nimeifungua.

Nianze na ilivyotokea maana wewe umesikia kwa kaka yako na kaka yako mwenyewe hakuwepo. Siku ile nilikuwa nimeenda Mwanga sokoni kutafuta mawese na dagaa, wingu likatanda ghafla, nikakumbuka antena nimeiacha imechomekwa kwenye redio nilipokuwa nafuta vumbi asubuhi, nikasema nikiwahi bodaboda nitafika. Sikuwahi. Unajua baba yako alivyokuwa, wingu dogo tu juu ya ziwa anasimama hata kama yuko katikati ya chakula anaenda kuchomoa waya wa antena anautupa nje dirishani, mlikuwa mnaona anazidisha. Radi ikapiga mwembe wa jirani, ule mkubwa wa upande wa choo, ukapasuka toka juu mpaka chini. Antena yetu yenyewe haikupigwa, na hilo ulishike sana, ingepigwa moja kwa moja leo tusingekuwa na cha kujadili. Ule waya umetoka kwenye mwarobaini hadi kwenye nguzo ya chuma, mita kumi upande huu mita kumi upande ule, uliokota tu nguvu ya radi iliyopiga pembeni ukaileta ndani.

Jumapili baada ya kanisa nikaiweka mezani nikatoa skrubu moja moja nazipanga kwenye kifuniko cha chupa. Harufu ya kuungua ilikuwepo ila ndogo, sio ile ya kukuziba pua. Nikaangalia fyuzi mbili za kwenye waya wa umeme, zote nzima, maana sapulai ilikuwa imechomolewa siku nyingi redio inatumia betri ya sola. Afu nikawasha tochi ya simu nikaangalia nyuma kule soketi ya antena inapoingilia kwenye bodi. Pale pembeni ya kile kirilei kinachobadilisha kati ya kurusha na kupokea, kwenye njia inayokwenda upande wa kupokea, kuna doa jeusi ukubwa wa punje ya choroko, na njia ya shaba imenyanyuka kidogo kama ganda la kidonda. Kwingine kote kusafi. Ni Icom IC-718, redio ya wati 100, sio kitu cha kutupa.

Nikaiwasha. Kioo kikawaka, namba za masafa zikaja, nobu kubwa inazunguka na namba zinabadilika vizuri. Ila ikawa kama kiziwi. Redio ya masafa mafupi ikiwa nzima ukichomeka antena mvumo unapanda palepale, kama mvua inavyokuja kwenye bati la jirani kabla haijafika kwako. Hii nikichomeka nikichomoa mvumo ni uleule. Usiku nikapandisha juu kidogo ya kilohezi 7200, kule kwenye stesheni kubwa za matangazo, nikasikia moja kwa mbali sana inaongea kama mtu aliyefunikwa blanketi, na stesheni zile zina nguvu hata redio ya mkulima inazishika. Kwaiyo masikio yapo ila mlango umeziba.

Ikabaki kujua kama inarusha. Hapo mwanangu usije ukajaribu kubonyeza maiki bila kitu chochote kwenye soketi ya antena, ile nguvu ikikosa pa kwenda inarudi kwenye transista za mwisho na unaziua wewe mwenyewe kwa mkono wako. Unakumbuka lile kopo la rangi la baba yako pale chini ya meza, mlikuwa mnalikalia? Ndani mle kuna rizista 20 za omu elfu moja moja, kaziunganisha zote sambamba zikawa omu 50, kazizamisha kwenye mafuta ya transfoma zisichemke. Anaita dami lodi. Redio inadhani ina antena kumbe nguvu yote inaishia kwenye mafuta na jirani hasikii kitu. Nikachomeka hilo kopo, katikati nikaweka mita yake ya wati, nikaweka kwenye mosi, ile lugha ya nukta na mistari, nikagusa ufunguo wake wa kubonyezea sekunde mbili tu. Sindano ikapanda mpaka karibu na 90.

Nilikaa chini mwanangu. Nilikaa nikashika kopo likiwa bado halijapata hata joto.

Maana yake ni kwamba kilichokufa ni mlango wa kupokea, daiodi ndogo za kinga na labda transista moja ya mbele na hiyo njia ya shaba. Ndo kazi ya vile vidaiodi kufa kabla ya vingine. Vitu vya gharama, yani ubongo wake, kioo, na mkono wa kurushia, vimepona. Sasa mimi sijasomea umeme, hilo ujue, ila miaka sita nilikaa mbele ya simu ya upepo kule Kasulu, toka mwisho wa mwaka 1996 wakimbizi wa Kongo walipokuwa wanavuka ziwa kwa maboti na kambi ya Nyarugusu inafunguliwa. Simu za mkononi hazikuwepo huku kwetu, mgonjwa akizidiwa kambini, lori likikwama njiani, chakula kikichelewa, vyote vinapita kwenye maiki yangu. Redio moja pale ofisini iliungua na radi kama hivi, mkuu wa kituo akaandika kwamba imekufa ikatupwa stoo, baba yako akaja na gari la kutengeneza antena akaiomba aiangalie, ikabadilishwa daiodi mbili ikaongea kabla ya saa sita mchana. Ndo siku nilimwona sura, sauti yake nilikuwa naijua redioni miezi mingi.

Kwaiyo nikampelekea fundi mmoja hapa mjini, simtaji jina. Akaiangalia dakika mbili akasema transista za mwisho zimekufa, ziagizwe, na kazi yote laki nne. Nikamwambia fundi, mbona inarusha wati 90? Akanyamaza, afu akasema "basi labda ni bodi zima". Nikaibeba redio yangu nikaondoka. Angeniambia tu hajui nisingechukia. Angezitoa zile transista nzima akanirudishia za feki, maana hizo za kurushia zimejaa feki mitandaoni, jina limeandikwa vizuri na ndani hamna kitu.

Na huyo mteja wa kaka yako alikuja Alhamisi. Mtu mstaarabu tu, ana maboti ya dagaa pale Kibirizi. Ila hakuniuliza hata mara moja kama inapokea. Aliuliza inawaka? Inarusha? Akauliza tena inarusha? Nikajua huyu ana fundi wake ameshamwambia kwamba kupokea ni tatizo la vipuri vya shilingi elfu chache. Laki mbili na nusu kwake ni bei ya kuokota, redio kama hii nzima haipati kwa hiyo hela popote.

Halafu sio bei tu. Hii ni redio ya ridhaa, ya watu wanaoongea kwa mapenzi yao sio biashara, na kuitumia kunahitaji leseni ya TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano. Leseni ya baba yako ilikuwa kwa jina lake, na ile kolsaini yake ya 5H, yani jina lake la hewani, ni yake yeye, hatuirithi kama shamba. Mtu wa maboti anataka aifungue masafa aongee na wavuvi wake ziwani bila kibali chochote, akikamatwa anasema nimeuziwa na mjane wa fulani. Nimemwambia kaka yako hivo hivo, akanuna kidogo, nimemwacha. Sio kwamba kaka yako ana roho mbaya, anawaza bati la jiko na bati kweli linavuja, mimi nalijua kuliko yeye maana ndo napika chini yake.

Jibu langu basi. Tuitengeneze, ila tuweke kikomo, na kikomo changu ni laki moja na nusu ikijumlisha nauli ya kuipeleka. Nasema hivo kwa sababu kitu kilichoguswa na radi unaweza kukitengeneza leo kikaongea vizuri afu baada ya miezi mitatu kikafa sehemu nyingine, kuna vitu ndani vimeumia na havijasema. Sitaki tuanze kuifukuzia hela. Ikifika hapo kwenye kikomo na bado ni kiziwi, tunaiuza kama spea, tunamwambia mnunuzi ukweli wote, hiki kizima hiki kibovu, na tunamtafuta mtu mwenye leseni. Ikipona na wewe huitaki, tutaiuza nzima kwa mtu wa leseni vilevile, na hapo bati la jiko litapatikana na chenji itabaki.

Ila nikuulize na mimi, na nijibu kweli usinifurahishe. Utaitumia? Maana uliponiuliza nilihisi swali lako sio la hela. Wewe ndo ulikuwa unakaa naye jioni. Huku jua linazama karibu saa moja, nyuma ya milima ya Kongo, na muda ule ule baba yako alikuwa anasema milango inafunguka, mawimbi ya mbali yanapita kwenye mpaka wa giza na mwanga. Anaita si kyu, si kyu, yani yeyote anayenisikia anijibu, anasikiliza, anaita tena, na wewe una miaka tisa unaandika saa kwenye daftari kwa penseli. Kadi za QSL, zile wanazotumiana kwa posta kuthibitisha wamesikilizana, bado ninazo kwenye lile boksi la viatu, Japani, Italia, Brazili, Urusi, na moja ina maandishi yako nyuma, umeandika "Mjapani kacheka".

Kama unaitaka anza mambo ya leseni sasa hivi huko huko, nenda TCRA uulize wanataka nini, usingoje redio ipone. Na usichelewe sana kwa sababu nyingine. Jua lina duru yake ya miaka kama 11, baba yako aliifuata kama wengine wanavyofuata ligi, na kilele cha hii duru kilitangazwa mwaka 2024. Jua likiwa na madoa mengi hata masafa ya juu, yale ya megahezi 21 na 28, yanafunguka mchana kweupe na kwa wati chache unafika mbali. Linashuka pole pole sasa. Ukikaa miaka mitatu unajishauri utakuta kule juu kumekuwa kimya, utabaki na 7 na 14 tu, na utadhani redio ndo mbovu.

Fundi nimempata, sio wa hapa, ni yule aliyekuwa mwanafunzi wa baba yako upande wa antena, yuko Kasulu, nimeongea naye kwa simu nikamsomea kila nilichokiona. Hakunitajia bei mpaka alipouliza maswali kama kumi, aliuliza hadi rangi ya lile doa. Kasema nimletee kwa mkono nisiitume na basi, na hela ya kazi atachukua baada ya kusikia mvumo.

Antena nimeishusha. Waya mmoja umeungua pale katikati unapoungana na waya wa kushuka, tutaukata na kuunga upya ila urefu usipungue, kila upande ubaki mita kumi. Na nimechimba shimo la ethi, la kuupeleka umeme wa radi ardhini, karibu na dirisha, nimesimika fito la chuma, ile swichi ya kuikata antena nitaiweka nje kabisa ya ukuta. Nilipaswa kuiweka zamani.

Ukija Pasaka njoo na treni, usipande basi na begi zito. Niletee risasi ya kuchomelea ile nyembamba, huku wanauza nene tu, na soketi mbili za waya wa antena, zile za kuzungusha. Na daftari. La zamani limejaa hadi ukurasa wa mwisho.

Mama yako