Maswali ya Wasomaji: Kabla Sola Haijapanda Paani

SWALI: Nina nyumba ya vyumba vitatu mtaani Utawala, Nairobi. Nimenunua paneli sita za wati 450 na fundi anataka kuzifunga Jumamosi. Mabati ni ya geji 30, yalipigiliwa misumari miaka 15 iliyopita. Je, kuna kazi ya kufanya kwanza?

JIBU: Ipo, na tafadhali ahirisha hiyo Jumamosi. Paneli nzuri hudumu miaka 25; mabati yako hayatafika huko. Yakivuja baadaye, utalipa kushusha kila kitu na kukipandisha upya.

Ingia darini na tochi, uchome kila mbao kwa bisibisi. Ikizama kwa urahisi, au ukikuta unga laini chini yake, mbao hiyo imeliwa na ibadilishwe. Paneli sita ni kama kilo 140, na paa imara huzibeba bila shida. Cha kuogopa ni upepo: huingia chini ya paneli ukaziinua, na misumari iliyolegea hung'oka pamoja na bati. Upande utakaobeba paneli, weka mabati mapya ya geji 28, ambayo ni mazito kuliko ya 30, ukiyafunga kwa skrubu zenye raba. Skrubu za reli, yaani vyuma vinavyoshikilia paneli, nazo zishike mbao, si bati tupu, tena zipite kwenye mgongo wa bati. Tundu la bondeni litavuja tu, hata ukilijaza silikoni.

Ndani ya nyumba, kagua boksi la breka. Taa, friji, televisheni na intaneti ziende upande wa inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumika nyumbani. Shawa ya umeme, ambayo hula kilowati 5 hivi, ibaki kwa stima ya gridi. Kila upande uwe na nyutro yake, yaani waya wa kurudisha umeme. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea: wanatenganisha waya wa moto na kuacha nyutro zimefungwa pamoja, kisha swichi ya kinga inaruka kila mara na inveta inalaumiwa bure. Pima arthi pia, yaani waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini.

Inveta na betri zipewe ukuta wenye kivuli na hewa. Darini hapafai kabisa, maana joto la chini ya mabati huchosha betri mapema. Na kwa kuwa mfumo utaunganishwa na stima ya gridi, fundi akuonyeshe leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, daraja la T3.

SWALI: Paneli zitazame upande gani hapa Nairobi? Jirani anajenga gorofa.

JIBU: Kaskazini au kusini, tofauti ni ndogo, kwani tuko karibu sana na ikweta. Jua la Juni hupita kaskazini, la Desemba kusini. Mwinamo uwe nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi. Paneli iliyolala kabisa hubaki na mstari wa tope kwenye fremu ya chini, na mstari huo hufunika seli.

Hiyo gorofa ndiyo ya kuangaliwa. Paneli zikiungwa kwa mfululizo, kivuli cha moja huweza kupunguza umeme wa mfululizo mzima. Simama paani saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa alasiri, utie alama kivuli cha tangi na miti, ukikadiria gorofa itakapofika juu. Zifunge pale ambapo alama hazifiki.