Re: Mawe meusi tuliyokuta tukichimba kisima Himo, ni makaa ya mawe?

Mkuu, hayo si makaa ya mawe. Udongo wa Himo, kama wa Moshi na mji wa Arusha, umekaa juu ya miamba ya volkano, na jiwe lake jeusi ni zito na gumu. Makaa ya mawe ni mepesi, yanapakaa masizi vidoleni na hupasuka kwa tabaka. Weka kipande kwenye moto wa mkaa: kikibaki jiwe, basi ni jiwe.

Makaa yenyewe yako kusini, Ngaka wilayani Mbinga, Mchuchuma kule Ludewa, na Kiwira. Yalitokana na mimea ya vinamasi iliyofukiwa zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, wakati Kilimanjaro haijawa hata kichuguu. Ngaka wanafukua udongo wa juu na kuchota kwa mitambo tangu 2011. Kiwira, iliyofunguliwa 1988 kwa msaada wa China, walichimba mashimo chini ya ardhi.

Na tafadhali sana, hata ukiyapata ya kweli, usiyawashe jikoni ndani. Moshi wake una salfa, na ile gesi isiyo na harufu, kaboni monoksaidi, inaua watu usingizini.