Pyeongchang 2018: ziliahirishwa

Kaka, unasema mbio za wanawake za kuteleza kwenye theluji katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Pyeongchang, Korea Kusini, zilifutwa. Hazikufutwa, zilisogezwa mbele tu. Slalomu kubwa ya wanawake (mbio za kupinda kati ya vijiti, vilivyoachana zaidi kuliko kwenye slalomu ya kawaida) ilipangwa Februari 12, upepo ukachachamaa, ikafanyika Februari 15 na Mikaela Shiffrin wa Marekani akabeba dhahabu. Slalomu ya kawaida nayo ikatoka tarehe 14 ikaenda 16. Hapo akashinda Frida Hansdotter wa Uswidi, Shiffrin akaambulia nafasi ya nne. Tulifuatilia kwenye runinga hapa Ngamiani, watu wakibisha eti theluji imekwisha. Wapi! Ni upepo: unamyumbisha mtu aliye kasini, unampulizia theluji machoni. Zilizofutwa kabisa kwa hali ya hewa ni mbio za kushuka mlima za Zermatt-Cervinia, mpakani mwa Uswisi na Italia, Novemba 2023. Labda ndizo unazochanganya.