Ribosomu peke yake haitoshi

SWALI: Ninasoma kidato cha tano. Kitabu chetu kinasema kwamba ribosomu hutengeneza protini kwa kuunganisha asidi amino. Ikiwa kazi imeishia hapo, retikulamu endoplazimu na vifaa vya Golgi vina umuhimu gani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Kazi haiishii hapo, na insulini, homoni inayodhibiti sukari katika damu, inalionyesha jambo hili waziwazi. Katika seli za beta za kongosho, maelekezo yaliyomo kwenye DNA hunakiliwa ndani ya kiini na kuwa RNA, ambayo hutoka hadi kwenye ribosomu na kusomwa herufi tatu tatu, kila kundi likiita asidi amino moja kati ya aina 20. Ribosomu haiundi asidi amino hizo. Aina 9 mwili wetu hauwezi kuziunda kabisa, hivyo ni lazima zitoke kwenye chakula. Ndiyo maana ugali wa mahindi, wenye kidogo laisini, mojawapo ya aina hizo 9, hufaa kuliwa na maharage.

Mnyororo kamili wa mwanzo una asidi amino 110, nao bado si insulini. Asidi amino 24 za kwanza ni kama anwani: zikishajitokeza tu, ribosomu huelekezwa kwenye utando wa retikulamu endoplazimu (mtandao wa vijia ndani ya seli), mnyororo ukapenyezwa ndani, kisha anwani hiyo ikakatwa. Humo ndani mnyororo hukunjwa na kufungwa kwa viungo vitatu vya salfa baina ya asidi amino aina ya sisteini, na uliokunjwa vibaya huondolewa na kuvunjwa. Uliosalimika hupelekwa Golgi na kufungashwa katika vifuko vidogo, ambamo vimeng'enya hukata kipande cha katikati. Hubaki asidi amino 51 katika minyororo miwili, mmoja wa 21 na mwingine wa 30, na hiyo sasa ndiyo insulini, inayosubiri sukari ipande katika damu ili iachiliwe. Nishati ya kazi hii yote hutoka hasa kwenye mitokondria za seli.

Njia hii haikukisiwa. Mwanabiolojia wa seli George Palade na wenzake waliziwekea alama ya mionzi asidi amino aina ya lusini, wakazipa seli za kongosho la simbilisi zinazotoa vimeng'enya vya kusaga chakula, kisha wakafuatilia alama hiyo kwa hadubini ya elektroni: kwanza ilionekana kwenye retikulamu endoplazimu, baada ya dakika kadhaa ikawa Golgi, na hatimaye ndani ya vifuko. Palade alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1974.