Timu ya mbio kwa watoto wanaosomea nyumbani: mliyoniuliza

Tangu nitaje kwamba wanangu wawili wanaosomea nyumbani hapa Nairobi wana timu yao ya mbio za nyika, maswali yamekuwa yakimiminika. Nimejibu niliyoweza.

Sisi ni familia tatu tu, watoto saba. Hiyo kweli ni timu? – Mama wa watatu, Ruaka

Ni timu, na chenji inabaki. Kwenye mbio za nyika za dunia, nchi huingiza wakimbiaji sita katika mbio za wakubwa, na wanaohesabiwa ni wanne wanaotangulia. Nafasi zao hujumlishwa: wa kwanza pointi 1, wa ishirini pointi 20, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Kampala mwaka 2017, wanawake wa Kenya walishika nafasi zote sita za mwanzo. Jumla yao ikawa 10, na chini ya hapo haiwezekani kwenda.

Sasa tazama hesabu hiyo inavyomgeuza mtoto. Bingwa wenu akiwaacha wenzake kwa dakika nzima, bado anabaki na ile pointi yake moja. Lakini wenu wa nne akiwapita watu wawili karibu na utepe, amewapunguzia timu nzima pointi mbili. Siku niliyowaeleza haya watoto wetu kwa vijiti chini ya mti, hawakuonekana kujali. Wiki iliyofuata tuliwagawa makundi mawili wakashindana. Waliomaliza mapema hawakwenda kwenye chupa za maji. Walirudi njiani mbio kumpigia kelele msichana wa miaka tisa aliyekuwa akija na soksi moja imeteremka kisiginoni, uso mwekundu kwa vumbi, na mbele yake mvulana mmoja tu wa kupitwa. Alimpita. Mtoto aliyezoea kufanya hesabu zake peke yake kwenye meza ya jikoni hapati nafasi nyingi za kusubiriwa namna ile.

Saba wanatosha. Anzeni.

Tulianza na familia nane, miezi minne baadaye tumebaki mbili. Tulikosea wapi? – Kitengela

Nakisia tu, lakini nitakisia kwa ujasiri: siku ya mazoezi ilikuwa ikihamahama. Sisi tunaofundisha nyumbani tunajivunia kwamba ratiba ni yetu, na hapo ndipo mtego ulipo. Jumanne mmoja ana fundi wa bomba, tunasogeza Alhamisi. Alhamisi mwingine anampeleka nyanya kliniki, tunasogeza Jumamosi. Wiki ya tatu hakuna anayejua ni lini, na kila mmoja anadhani wenzake wamechoka.

Yetu ni Jumatano saa tisa alasiri. Mvua ikinyesha tunakutana chini ya kibanda na kuruka kamba. Wakija watoto wanne, wanakimbia wanne. Kabla ya jezi na kabla ya jina la timu (mtagombania jina wiki mbili, nawaambia mapema), kubalianeni siku na saa, na ziacheni hapo kama Ijumaa ya Waislamu au Jumapili ya Wakristo.

Mwanangu ana miaka kumi na ana kipaji. Namkimbiza kilomita kumi kila asubuhi. Je, timu haitamrudisha nyuma? – Baba, Juja

Baba, nakuheshimu, lakini mpunguzie huyo mtoto. Kwenye mashindano ya dunia ya nyika, vijana wa chini ya miaka 20 hukimbia kilomita 8, na wasichana wa umri huo 6. Eliud Kipchoge alikuwa na miaka 18 alipotwaa taji hilo la vijana Lausanne mwaka 2003. Wako ana kumi, na anapita umbali huo kabla ya chai.

Kwetu, wa miaka sita hadi minane hawazidi kilomita moja kwa mfululizo, na nusu ya muda wao ni tapo (kukimbizana na kugusana) na brikicho (kujificha na kutafutana). Tapo ina kasi, kona na kusimama ghafla, na hakuna anayelalamika kwamba amechoka. Wa tisa hadi kumi na mmoja hukimbia mbili hivi, wakubwa wao tatu au nne, mara mbili au tatu kwa wiki. Kipimo chetu cha kasi ni mdomo: mtoto akishindwa kunisimulia alichokula asubuhi huku anakimbia, apunguze mwendo. Akiamka na maumivu ya goti au kisigino, apumzike, na yakikaa siku kadhaa apelekwe kwa daktari.

Viatu vya kukimbilia ni ghali mno. – Kayole

Nenda kwenye masoko ya mitumba ya Gikomba au Toi asubuhi, kabla raba nzuri hazijachaguliwa. Raba ikunje: ipinde pale vidole vinapopinda, siyo katikati ya wayo. Bonyeza soli kwa kidole gumba. Ikiwa imekauka kama mkate wa juzi, rudisha hata kama rangi inavutia. Acha nafasi ya upana wa kidole mbele, na mpime akiwa na soksi.

Pekupeku pia si dhambi. Faith Kipyegon alishinda mbio za nyika za dunia za vijana mwaka 2011, huko Punta Umbría, Uhispania, bila viatu. Ila alikuwa amezoea. Mtoto wa zulia umwanzishe kwenye nyasi safi, dakika chache, na uangalie miiba na chupa zilizovunjika.

Usalama mnaupangaje? – Wengi

Nilijifunza kwa kuumbuka. Kwenye msitu wa Karura, mwezi wetu wa pili, nilihesabu watoto kumi na mmoja mahali pa kumi na wawili. Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi, mimi ndiye niliyekimbia mbele nikifurahia upepo. Tulimkuta baada ya dakika sita, ndefu kuliko mimba, akiwa amesimama kimya kwenye njia panda akimtazama kima anayekula tunda. Hakujua hata kwamba amepotea.

Tangu hapo mtu mzima mmoja yuko mbele na mwingine mkiani, na wa mkiani hampiti mtoto yeyote, hata anayefunga kamba za viatu kwa mara ya tano. Kila njia panda tunasimama na kuhesabu kwa sauti. Hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto asiye wake, awe kocha, mchungaji au nani. Mwenye pumu kinyunyizio chake kiko kwenye mfuko wa mtu wa mkiani.

Tutashindana na nani, na mashindano ya shule ni ya shule? – Thika

Ulizeni ofisi ya Athletics Kenya, shirikisho la riadha nchini, ya eneo lenu kuhusu kusajili klabu. Wakati mnasubiri, alikeni timu nyingine na mtengeneze mbio zenu. Njia ya kupima ni rahisi: funga kitambaa chekundu kwenye spoku ya baiskeli, pima mzingo wa gurudumu kwa kamba, kisha sukuma ukihesabu. Mzingo ukiwa mita 2, mizunguko 500 ni kilomita moja. Kazi hiyo wape watoto, ni somo la hisabati la siku nzima.

Binti yangu anachukia kukimbia lakini ndugu zake wanapenda. Nimlazimishe? – Mama, Ngong

Hapana. Mpe saa na daftari, asimame kwenye utepe aandike nafasi na kujumlisha pointi. Wetu wa hivyo ana miaka kumi na miwili, na juzi alimwambia kaka yake mbele ya watu kwamba amehesabiwa wa tano, aache kubishana.