Uliza Ujibiwe: Mfereji wetu hauna samaki, alama ya samaki kwenye dawa inanihusu nini?

SWALI: Habari za kazi dada. Mi ni mkulima wa mpunga na nyanya huku Mabogini, Moshi. Nimenunua dawa ya wadudu, kwenye lebo kuna picha ya samaki kafa na mti umekauka, af kijana wa duka la pembejeo akanipa na karatasi imeandikwa "dafnia, EC50, saa 48" na namba ina sifuri kibao mbele. Nikamuuliza, akasema namba ikiwa ndogo basi sumu ni ndogo. Mfereji wetu hauna samaki, ni vyura na vidudu tu. Sasa hiyo picha inanihusu nini? *Mkulima, Mabogini*

JIBU: Nzuri kaka, pole na jua la huko. Nianze na huyo kijana maana kakupa kinyume kabisa: hiyo namba kadiri inavyokuwa ndogo ndo sumu inavyokuwa kali, sifuri nyingi mbele maana yake kinahitajika kiasi kidogo mno cha dawa ndani ya lita ya maji kuleta madhara. Na madhara yenyewe wala hayakupimwa kwa samaki. Yamepimwa kwa dafnia, kidudu cha maji cha jamii ya kamba na kaa, kidogo hata akikua sana hazidi milimita 5 hivi, anaona kwa jicho lake moja jeusi na anaruka ruka majini akichuja mwani. Samaki wadogo wanamla yeye, kwa hiyo akiisha yeye hata samaki wa bwawa la Nyumba ya Mungu wanaanza kukosa mlo, na maji ya kwenu si yanashuka Kahe na kuendelea hukohuko bwawani?

Jaribio lenyewe lina mwongozo wa OECD, shirika la kimataifa linalotoa miongozo ya kupima kemikali, namba 202, ulitoka 1984 ukarekebishwa 2004. Wanachukua watoto wa dafnia ambao hawajafikisha saa 24 tangu wazaliwe, na wanawataka wa umri huo kwa sababu mdogo na mkubwa hawaumii sawa, ukichanganya umri majibu yako hayana maana. Wanawagawa kwenye vyombo, kila kiwango cha dawa kinapata angalau 20, kawaida watano watano kwenye vyombo vinne, na viwango vinakuwa vitano au zaidi vinavyopanda kwa kuzidisha, kila kimoja kisizidi mara 2.2 ya kilichotangulia. Pembeni kuna kundi la maji matupu yasiyo na dawa, hilo tunaliita kontroli. Joto linashikiliwa kati ya nyuzi 18 na 22, hawalishwi, hakuna kupuliza hewa, wanaachwa saa 48.

Hapo katikati, saa 24, na mwisho, saa 48, mtu anatikisa chombo taratibu na kuangalia. Asiyeweza kuogelea ndani ya sekunde 15 anahesabiwa kalemaa, hata kama bado anachezesha kapembe ka kichwani. Ndo maana wanaandika EC50 na sio "kiwango kinachoua nusu", kwa sababu kidudu kidogo hivyo ukijifanya unajua saa aliyokata roho utakuwa unadanganya, ila kushindwa kuogelea kunaonekana kwa macho. EC50 basi ni kiwango ambacho nusu yao wamelemaa. Na kama kwenye kontroli wamelemaa zaidi ya asilimia 10, au mwisho wa jaribio oksijeni imeshuka chini ya miligramu 3 kwa lita, kazi yote inatupwa inaanza upya, mi nawaambia hapo ndo utajua maabara ya kweli na ya kubahatisha.

Sasa turudi shambani kwako. Hujaniandikia jina la dawa lakini nyingi za nyanya zinazouzwa huku ni za kundi la pairethroidi, kina lambda-sihalothrini na saipamethrini, na hizo kwa dafnia EC50 yake iko chini ya maikrogramu 1 kwa lita. Tufanye hesabu. Chupa ya lambda ya asilimia 5 ina gramu 50 za kiini, yaani sumu yenyewe, kwa lita, tuseme unaweka mililita 20 kwenye pampu ya lita 20, hapo umeweka gramu 1 ya kiini. Gramu 1 ukitaka kuizimua mpaka ifike maikrogramu 1 kwa lita unahitaji lita milioni 1 za maji. Pampu moja! Na kale ka mililita 1 kanakobaki chini ya chupa, ukisuuzia mferejini, kanahitaji lita elfu 50. Ni kweli pairethroidi zinakimbilia kushikana na matope kwa hiyo sio zote zinabaki zinaelea majini, lakini mfereji wa mpunga maji yake ni ya kina kifupi na siku nyingine hayatembei.

Kwa hiyo picha inakuhusu, tena sana. Usioshee pampu mferejini. Chupa ikiisha isuuze mara tatu na maji yake mimina kwenye pampu upulizie hukohuko shambani, af itoboe isije ikageuka chupa ya mafuta ya taa ya mtu. Na usiache kijana wa dukani akusomee lebo, ukikwama waone TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, wale wa Ngaramtoni Arusha ambao zamani walikuwa TPRI.

Kingine, usichukue EC50 ukadhani chini yake ni salama. Ni nusu wamelemaa! Halafu ni siku mbili tu, haisemi kitu kuhusu kuzaa wala kukua, hayo yana majaribio yake ya wiki tatu.

SWALI: Shikamoo dada. Huku Marangu baba mkwe wangu amepulizia kahawa mrututu miaka na miaka kwa ajili ya ugonjwa wa chule buni, anasema ni dawa ya asili haina shida. Ni kweli? *Mama wa kihamba*

JIBU: Marahaba mwanangu. Mrututu ni shaba, na shaba ni kati ya vitu ambavyo dafnia hawavistahimili kabisa, asili au sio asili. Ila ukali wake unategemea maji: yakiwa magumu, yenye kalisiamu nyingi, shaba inapungua makali, yakiwa laini inauma kwelikweli. Ndo maana ripoti mbili za shaba zinaweza kutoa namba tofauti na zote zikawa sahihi, lazima uangalie walitumia maji gani. Mzee aendelee na kahawa yake, chule buni sio mchezo, ila asichanganyie dawa pembeni ya mfongo, ule mfereji wa maji, na huyo hutaweza kumwambia wewe, mtume mume wako.

SWALI: Mambo dada, mi mwanafunzi hapa Arusha, nataka kufanya projekti ya kupima sumu ya dawa majini. Dafnia sina. Naweza kutumia viluwiluwi vya mbu toka kwenye pipa letu la maji, na maji ya bomba? *Dogo wa Njiro*

JIBU: Poa dogo. Viluwiluwi vya mbu vina matatizo mawili. Kwanza vingi vinapanda juu kuvuta hewa kwa mrija wao, sio kama kidudu kinachopumua oksijeni ya ndani ya maji, hivyo sumu haiwapati kwa njia ileile. Pili, mbu wetu wengi wameshazoea pairethroidi kwa ajili ya vyandarua na dawa za mashambani, watakuwa wanacheza tu kwenye chombo na wewe utaandika dawa ni salama.

Lakini wazo lako la kutumia mdudu mwingine sio baya, tena ni zuri kuliko unavyojua. Chukua imidaklopridi, dawa nyingine ya wadudu: dafnia anaivumilia mpaka EC50 inafika karibu miligramu 85 kwa lita, ukisoma hapo tu unasema dawa safi, kumbe mabuu ya kironomasi, vile vidudu vyekundu kama nyuzi chini ya madimbwi, yanalemaa kwenye kiwango kisichofika hata miligramu 0.1. Mwaka 2011 OECD walitoa mwongozo wa 235 wa hao kironomasi, saa 48 vilevile. Wanazaa vizuri kwenye beseni lenye mchanga msafi, tumia mabuu machanga yaliyotoka tu kwenye mayai.

Maji ya bomba usitumie hivihivi. Klorini itakuulia kontroli kabla hujaweka dawa, na ukiyaacha wazi siku moja klorini inatoka lakini floridi yetu ya Arusha haitoki, hata uchemshe. Tengeneza maji yako: maji yaliyotoneshwa (distilled), kloridi ya kalisiamu, salfeti ya magnesiamu, baikaboneti ya sodiamu na kloridi ya potasiamu kidogo, vipimo vyake vimo mwishoni mwa mwongozo wa 202.

Siku ukipata dafnia, kabla ya kugusa dawa yoyote wajaribu kwanza kwa daikromati ya potasiamu. EC50 ya saa 24 ikidondoka kati ya miligramu 0.6 na 2.1 kwa lita, vidudu vyako wako sawa na mikono yako iko sawa. Ikitoka nje ya hapo usiendelee, tafuta kosa. Na hiyo daikromati inasababisha saratani, vaa glavu, mabaki yake mpe mwangalizi wa maabara, sinki hapana.