Jibu: Monaco kwa siku moja ukitokea Nice, Ufaransa

Dada, umeuliza kama siku moja inatosha Monaco na kama itakumalizia pesa. Inatosha kabisa, nchi nzima ni kama kilomita 2 za mraba. Achana na teksi. Panda treni, ni chini ya nusu saa, na ukae upande wa kulia uione bahari. Mpakani hakuna ukaguzi wa kawaida, ila pasipoti iwe mkobani.

Anzia mji mkongwe, juu mwambani. Saa sita kasoro dakika tano mchana walinzi wa kasri hubadilishana zamu, na kutazama ni bure. Wahi, watu hujaa. Karibu na hapo kuna kanisa kuu alimozikwa Grace Kelly, mwigizaji wa filamu aliyeolewa na mtawala wa Monaco: bamba la jiwe sakafuni, limeandikwa Gratia Patricia, jina lake kwa Kilatini. Pesa yako itumie kwenye jumba la makumbusho ya bahari, lililofunguliwa 1910. Hilo usilikose!

Mchana shuka soko la Condamine ukale barbajuan, vitafunwa vya kukaanga kama sambusa, ndani mboga za majani na jibini. Vilima visikutishe, kuna lifti za umma za bure. Epuka tu wiki ya mbio za magari, bei hupaa.